Mikono Chini ya Karai

"Picha imetupendeza sana, Elinaza," aliandika dada Sabrina. "Ila watu wako hawana mikono."

Nilikuwa dukani, Same mjini, napanga maandishi ya fulana za msiba. Nikacheka peke yangu. Hawana mikono! Mtu umechora umati mzima pembeni ya bwawa, umepaka mpaka vumbi la kwenye visigino, halafu mtu anakaa Dar es Salaam na kukuandikia eti hawana mikono. Nikafungua picha kwenye kishikwambi changu, nikaikuza, nikaanza kumkagua mmoja mmoja ili nimjibu kwa ujeuri kidogo.

Mzee wa mbele, mikono mfukoni. Mama wa pembeni, mikono ndani ya kanga. Kijana mrefu, kaificha mgongoni. Mtoto kasimama nyuma ya ndoo. Wawili wamepeana visogo. Katika picha nzima aliyekamilika viungo vyote alikuwa mbuzi.

Nilirudi kwenye mafaili ya zamani, na huko ndiko nilikojua kwamba nina ugonjwa. Kadi za harusi nilizobuni, mabwana harusi wote mikono mfukoni, mabibi harusi wote wamebeba maua makubwa yanayofika mpaka kwenye viwiko. Wateja walizoea kunisifia maua hayo. Kumbe kwa miaka yote nilikuwa nawauzia woga wangu.

Sikuwahi kufundishwa kuchora na mtu yeyote. Nilijifunza kwenye simu, kwa video za watu waliokuwa wakiongea haraka kuliko nilivyoweza kusikia, na kwa kurudia kitu mpaka kikubali. Sura nilikuwa nimezipata. Mwanga niliupata. Milima ya Upare naichora nimefumba macho. Vidole vilinishinda, nikavikimbia kimyakimya, bila hata kujiambia kwamba nakimbia.

Na sasa vilikuwa vimenikuta pabaya. Sabrina ni mhariri wa vitabu vya watoto katika kampuni ndogo ya uchapishaji. Aliona picha zangu mtandaoni, akanitafuta, akaniambia wanataka kitabu cha picha kuhusu maji ya mlimani na namna watu wanavyoyagawana. Alituomba wachoraji wawili, mimi na kijana mmoja wa Arusha, kila mmoja atoe picha moja ya kurasa mbili. Atakayependeza zaidi anapewa kitabu chote. Kitabu, jamani! Kazi zangu nyingi mpaka siku hiyo zilikuwa za kuvaliwa kwenye mazishi, kisha zinageuka tambara la kufutia pikipiki. Nilikitaka kitabu kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Naomba niirudie," nilimwandikia hatimaye, ujeuri wote umeisha. Akanipa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Basi nikautangaza mwezi wa mikono. Nilimtangazia Muhidin, kijana mwenzangu wa dukani, ambaye baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge Makanya na hakurudi tena. Muhidin anaendesha mashine ya kuchapa mabango, na mdomo wake hauna likizo.

"Mwezi mzima mikono tu? Miguu haitalalamika?"

"Wewe leta mkono wako hapa. Shika mkasi."

Akashika mkasi. Akashika chapati, kikombe, kufuli, waya wa mashine. Nilichora kabla duka halijafunguliwa, nilichora chakula kikiwa kinapoa, nilichora wateja bila kuwaambia: mama anayekunjua fulana kuangalia kama jina la marehemu limeandikwa sawa, dereva wa bodaboda anayegonga kaunta kwa funguo. Muhidin alipokuwa na kazi nilijichora mwenyewe, yaani mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kalamu. Mkono wangu wa kushoto ulipata shughuli ambayo haukuwahi kuipata tangu nizaliwe. Nilipohitaji wa kulia nilibonyeza tu, programu ikaugeuza.

Wiki ya kwanza vidole vilitoka kama mafungu ya ndizi mbivu. "Huyu amepata ajali," Muhidin aliniambia, "na hospitali wamemkosea." Niliapa, nikafuta, nikaanza upya. Wiki ya pili niligundua kwamba kidole gumba hakioti pale nilipodhani kinaota, kinaanzia chini kabisa, pale mkono unapokutana na kiganja, na siku ile niliruka pale dukani mpaka mteja akauliza kama tumeshinda bahati nasibu. Wiki ya tatu mkono ulishika kikombe na mtu yeyote angeamini kwamba ndani mna chai.

Oo, nilivyokuwa na furaha! Nilikuwa natembea kuelekea stendi natazama mikono ya watu badala ya nyuso. Mipango ikanijaa kichwani kwa mkupuo.

"Nikishapata kitabu hiki," nilimwambia Muhidin tukila makande, "nafanya katuni inayotembea, ya kiboko wa Ziwa Jipe anayetaka kuhamia mlimani. Halafu nashuka Kwakoa nikachore ng'ombe, nikae nao kabisa, niwajue. Halafu nafanya kitabu cha kwenye simu, cha Kichasu, lugha yetu Wapare, mtoto akigusa pembe inalia, akigusa bibi anamsalimia."

"Kiboko ana mikono?"

"Hana."

"Ndiyo maana umeanza naye," alisema, akanimalizia maharage.

Siku chache kabla ya Ijumaa ile picha mpya ilikuwa tayari. Nilikuwa nimechora ndiva yetu ya kule juu Suji, bwawa la udongo na mawe ambalo mababu walichimba ili maji ya mfereji yajikusanye usiku, asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani kwa zamu. Nilichora siku ya kuisafisha. Mbele palijaa mikono: ya kushika jembe, ya kupangusa jasho, ya kumfunga mtoto mgongoni. Nilijivuna nayo vibaya sana. Nikaomba ruhusa dukani, nikapanda mlimani kwa bibi yangu, mzaa mama, ili mtu wa kwanza kuiona awe yeye.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Same hawapiki?"

Bibi Eliakunda alifuta mikono kwenye kanga, akapokea kishikwambi kwa viganja viwili jinsi anavyopokea sahani ya mgeni. Akatazama muda mrefu. Akatabasamu alipouona mwerezi wa pale kwenye bomba. Akatambua kila jembe ni la nani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nachezesha vidole vya miguu kwa raha. Kisha kidole chake kikagusa nyuma kabisa ya picha, kwenye ukingo wa juu wa ndiva, picha ikajikuza yenyewe.

"Na hawa wanne ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, Bibi."

"Wa hapa hawasimami hivyo."

Nikainama kutazama. Watu wanne, wamefunga mikono kifuani, wanaangalia wenzao wakichimba. Mimi niliwafanya wafunge mikono kwa sababu moja tu. Pale ukingoni ndipo watu hupokezana makarai ya tope, na watu wawili kwenye karai moja ni mikono minne, na mikono minne ilinigomea kila nilipojaribu. Nikaikunja kifuani, nikajiambia wapo mbali, hakuna atakayewaona.

"Umechora wategaji," Bibi alisema. Hakutania. Alinirudishia kishikwambi.

Kwetu ikilia pembe ya msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, kila nyumba inatoa mtu, na kila anayefika anashika kitu. Hata mzee asiyeweza kuinama hushika fimbo akaelekeza maji. Anayesimama kuwatazama wenzake ni mtegaji, na jina hilo humfuata mtu mpaka siku anayopeleka posa. Na mimi, binti wa pale pale, niliyenyweshwa maji ya ndiva ile, nilikuwa nimewapanga wanne mstari mmoja kwenye kitabu cha watoto.

Bibi akamwita mwanawe aliyekuwa akipita na majani ya ng'ombe. Mjomba Zebedayo ndiye msimamizi wa maji, na pembe anapiga yeye. Alitazama picha, akazitazama nyuso za wale wanne kwa makini.

"Nitajie majina," alisema. "Kila mmoja faini debe la mahindi."

"Mjomba, ni picha."

"Afadhali. Watalipa bila kubisha."

Walicheka wote wawili, nami nikacheka kwa adabu huku masikio yananiwaka. Ndani nilikuwa nimekasirika hasa, na niliyemkasirikia ni mimi. Mwezi mzima wa mikono, halafu mwishoni, mahali pagumu, nikarudia kilema kile kile! Kama Bibi kakiona kwa kugusa mara moja, Sabrina angekikosa?

"Usinune," Mjomba alisema akijitwisha majani yake. "Kesho asubuhi pembe inalia. Ndiva imejaa tope. Njoo uone watu wanavyosimama."

Hasira yote ikayeyuka palepale. Kesho! Msaragambo wenyewe, mbele ya macho yangu, na siku mbili bado mkononi! Nilimkumbatia na majani yake.

Pembe ililia ukungu ukiwa bado umeshika migomba. Nilitangulia. Nilichagua jiwe zuri juu ya ukingo, mahali panapoonyesha ndiva yote, nikakaa, nikaweka kishikwambi mapajani. Watu wakashuka na majembe na makarai, maji yalikuwa yamefunguliwa na tope limebaki jeusi linang'aa. Nikachora mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ulikuwa bega la mwanamke anayeinama, bega zuri ajabu.

"Aliyekaa pale ni wa nyumba gani?"

Ilikuwa sauti ya Mjomba, sauti yake ya kazi, hainijui. Majembe yalisimama. Watu wote wakageuka kunitazama.

"Wa Eliakunda!" mtu akajibu.

"Nyumba ya Eliakunda leo imetoa picha?"

Kicheko kilichopanda kutoka kwenye ndiva ile nadhani kilisikika mpaka Makanya.

"Mjomba, niko kazini," nilisema.

"Naona. Kazi hiyo ina tope?"

Nikamtafuta Bibi, anitetee. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake wenzake, karai mkononi, ananitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Jana yake tu alinionyesha wategaji wanne. Leo nilikuwa nimemletea wa tano, hai, juu ya jiwe.

Niliteremka mbio. Nikafunga kishikwambi kwenye mfuko wa plastiki, nikakiweka ndani ya kikapu cha Bibi juu ya chakula, nikapewa jembe. Nililia kidogo, kwa aibu na kwa lile bega lililopotea, lakini nikiinama nani ataona? Nilichimba. Tope la ndiva linanata, linakataa kuachana na jembe, na baada ya muda mfupi kiganja changu cha kulia kilikuwa kinachoma chini ya kidole cha kati. Nilikuwa nachimba na kuhesabu saa zinazonipita, na kumlaani mchoraji wa Arusha, ambaye bila shaka alikuwa amekaa kwenye kiti.

Kisha mama mmoja aliyekuwa ukingoni akaitwa kumnyonyesha mtoto, na Mjomba akanisukumia kwenye nafasi yake, kwenye mstari wa kupokezana makarai.

Karai la kwanza nililishika kwa vidole, kwenye mdomo wake, nikaliporomosha miguuni kwa jirani yangu. "Usilinyang'anye," alisema huyo jirani, bila hasira. Karai la pili lilikuja. Nikaingiza kiganja chini, nikasubiri. Mikono ya aliyenipa haikuondoka. Ilikaa hapo, chini ya karai, imegusana na yangu, mpaka uzito ulipotulia kwangu, ndipo ikatoka polepole. Na mimi nilipompa wa mbele yangu, mikono yangu nayo ikabaki ikingoja.

"Kumbe!" nilipiga kelele.

"Kumbe nini?"

"Mikono minne!"

Jirani alinitazama kama mtu aliyepigwa jua. Lakini nilikuwa nimeona! Mwezi mzima nilikuwa nachora watu wawili wanaogombea karai, huyu anavuta, huyu anaachia, ndiyo maana picha ilinigomea. Kumbe kwa kitambo kidogo karai ni la wote wawili. Vidole havishiki kitu pale, vimelala, viganja ndivyo vinavyofanya kazi, na vidole gumba vinachungulia juu ya ukingo. Nilicheka kwa sauti. Kila karai lililofuata nililipokea kwa macho yaliyotoka, natazama vidole vya watu, vipana, vyembamba, vyenye pete, kimoja kisicho na ukucha, na nilivitaka vyote. Wimbo wa kazi ulipopamba moto nikaimba. Sikutaka tena kurudi kwenye jiwe.

Mchana ule, nilipomaliza kuosha tope, nilikaa kibarazani kwa Bibi na kuanza. Mkono ulikuwa umechoka, lengelenge limevimba kiganjani, na mistari ilitoka ovyo, lakini ilitoka kweli. Niliwafuta wale wanne bila huruma. Mahali pao nikaweka mstari mzima wa watu, kutoka chini ya ndiva mpaka ukingoni, karai baada ya karai, mikono minne, minne, minne. Alhamisi jioni nilimaliza. Hakuna hata mfuko mmoja wa suruali uliokuwa na mkono ndani.

Bibi alipokea kishikwambi kwa viganja viwili. Akapita mtu kwa mtu, anawataja kwa sauti ya chini. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi ndiye mchoraji, Bibi."

"Mchoraji alikaa juu ya jiwe, tukamwondoa. Mimi namuuliza aliyebeba tope."

Nilikuwa sijawahi kujichora kwenye picha yoyote. Nilikaa, nikasogeza watu wawili kwenye mstari, nikajiweka katikati yao: kitambaa kichwani, tope mpaka mashavuni, mdomo wazi kwa kicheko. Mkono wa kushoto ukatoka bila taabu, tunajuana. Wa kulia ulipaswa kuonekana wote, umefunguka, unaenda kuingia chini ya karai.

Nikataka kubonyeza ili programu igeuze ule wa kushoto kama kawaida, nikaona itakuwa uongo. Wa kushoto haukuwa na lengelenge. Nikaweka kalamu chini niutazame wa kulia vizuri, lakini ukiutazama huwezi kuuchora. Nikashika kalamu, ukajikunja, si ule tena. Nilirudia hivyo mpaka Bibi akaanza kucheka. Hatimaye niliacha kuutazama. Ulikuwa unauma, na kwa kuuma kwake nilijua kila kitu kilipo: mahali ngozi ilipovutika, kidole kipi kilikuwa kimekaza, kipi kimelegea, mahali gumba linapoanzia. Nikauchora jinsi ulivyoniuma. Ulikuwa mkono wa kwanza maishani mwangu kuuchora bila kuangalia kitu chochote, na niliutambua kama ninavyotambua sauti yangu.

Nilipanda kwenye kilima cha shule, ambako mtandao una nguvu, nikaituma.

Ijumaa nilikuwa nimesharudi dukani. Muhidin alikuwa anakata bango, mimi nimekaa mbele ya kompyuta sifanyi kitu. Simu ikatetemeka.

"Elinaza, tumekaa na picha yako asubuhi nzima. Yule binti kwenye mstari, mwenye lengelenge kiganjani, anayecheka. Tunataka kitabu chote kimfuate yeye, tangu pembe inapolia mpaka maji yanapofika shambani. Utaweza kumchora kila ukurasa?"

"Wamekataa?" Muhidin aliuliza aliponiona nimekaa vile. Nikampa simu. Akasoma, akaufungua mkono wangu wa kulia juu ya kaunta, akautazama, akapiga yowe lililowatoa mafundi cherehani wa duka la jirani. Tulirukaruka pale, mabango yakatuangukia, na hakuna aliyejali.

Nilimpigia Bibi.

"Bibi, nimekipata kitabu! Na mwenye kitabu ni mimi! Kila ukurasa ni mimi!"

"Mungu ni mwema, mjukuu wangu. Umewaambia kwamba kwanza ulikaa?"

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Kisha nikamwandikia Sabrina kwamba nitaweza, nikafungua ukurasa mtupu kwenye kishikwambi, na kabla Muhidin hajamaliza kuokota mabango nilikuwa nimeshaanza ukurasa wa kwanza. Ni asubuhi, kuna ukungu, wanakijiji wanateremka na majembe. Juu ya ukingo, kwenye jiwe zuri kuliko yote, binti amekaa anachora, na mikono yake yote miwili inaonekana.